Matangi mawili ya Fuoni: shajara ya maji ya mvua, majani ya mkungu na bakteria wa sponji

Jumapili, 3 Machi 2024

Leo nimefungua daftari jipya kwa ajili ya matangi mawili yaliyopo ukumbini. Yote ni ya vioo, lita 40 kila moja, na chujio lake ni moja: kipande cha sponji la godoro, bomba la plastiki katikati, na pampu ya hewa inayoyavuta maji yapite ndani ya sponji. Masponji haya yana zaidi ya mwaka. Yamekuwa ya kahawia, yanateleza ukiyashika, na hayo ndiyo mapambo yake, maana bakteria wanaishi humo.

Samaki ni *Nothobranchius guentheri*, wale wadogo wa vidimbwi vya mvua. Dume ana mkia mwekundu wenye ukingo mweusi, jike ana rangi ya vumbi. Ni samaki wa Unguja, porini hapatikani kwengine duniani. Pfeffer ndiye aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1893. Vidimbwi vyake hujaa mvua zikinyesha na hukauka jua likizidi. Wakubwa hufa, mayai yakabaki ndani ya tope kusubiri mvua nyengine. Wangu niliwaokota mtaroni kando ya bonde la mpunga, maji yakiwa yameshashuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Kila nikiwatazama naona nimepewa amana.

Katika kila tangi wamo wanane: madume matatu, majike matano. Mimea ni yungiyungi mmoja mchanga, kangaga la Java lililofungwa kwenye kijiti, na Ceratophyllum, lile gugu lisilo na mizizi, lenye umbo la mkia wa paka.

Swali la mradi ni hili. Maji ya kisima chetu ni magumu, yanapita kwenye mwamba wa chokaa kama uliopo chini ya sehemu kubwa ya kisiwa. Birika la chai ni shahidi, ndani limeota ukoko mweupe. Tangi A litabaki na maji hayo. Tangi B nataka nilihamishe pole pole kwenye maji ya mvua yaliyolowekwa majani ya mkungu, yawe na rangi ya chai ya mkandaa, yasogee upande wa tindikali. Ninachofuatilia ni sponji: bakteria wake wataendelea na kazi mpaka pH ngapi? (pH ni kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi.)

Kazi yenyewe kwa ufupi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza huongeza nyengine. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki. Nitrati hawana shida nayo isipojaa sana, na mimea huila.

Vipimo vya leo, A na B sawasawa: pH 7.8, KH (kaboneti iliyomo majini, kwa digrii) 13, amonia 0, nitriti 0, nitrati 20 (hizi tatu ni miligramu kwa lita), joto nyuzi 28.

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Niliacha bati lioshwe nusu saa nzima kabla ya kusogeza pipa chini ya mlizamu, kwa sababu maji ya mwanzo hubeba vumbi, kutu na kinyesi cha ndege. Pipa ni la plastiki. Shemeji alinishauri nikinge kwenye birika la saruji lililopo nyuma ya nyumba, nikakataa: saruji hutoa chokaa, ningelipima maji ya mvua nikadhani nimepima kisima.

Maji ya pipa: tone la kwanza tu la kipimo cha KH limegeuka manjano papo hapo. Yaani sifuri. Mvua hata ikiwa safi kabisa hushuka na kabonidayoksaidi ya angani, ndiyo maana pH yake huwa karibu 5.6, na haina kaboneti ya kuishikilia. KH ni akiba. Tindikali ikiingia tangini, akiba huimeza kwanza, na pH haitikisiki mpaka akiba ipungue sana. Tangi A lina akiba ya digrii 13. Tangi B naliondolea akiba kwa mikono yangu mwenyewe, hilo naliandika hapa ili nisije kulisahau.

Alasiri nilikwenda kwa shangazi, ambaye ana mkungu mkubwa uwanjani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kungu bado hazijawiva.”

“Sikufuata kungu leo. Nataka majani.”

“Majani? Haya niliyoyafagia asubuhi hii hii?” Akanionesha rundo. “Chukua yote, Mungu akubariki.”

Nimechagua yaliyoanguka yenyewe, mekundu, makavu. Mabichi hayafai, yanaoza upesi na kula oksijeni. Nimeyaosha, nikatia matatu tangi B.

Jumamosi, 16 Machi

Ramadhani imenipa wakati wa kupima ambao siku nyengine ningelikuwa usingizini. Nikiamka daku, saa kumi alfajiri, nachukua vipimo vya matangi yote mawili, kisha narudia saa kumi alasiri kabla ya kushughulikia futari.

Tangi A leo: daku 7.4, alasiri 7.9. Tangi lile lile, maji yale yale. Usiku mimea hupumua kama sisi, kabonidayoksaidi hujaa majini na kuwa tindikali nyepesi. Mchana mimea huivuta kwa ajili ya chakula chake, pH ikapanda. Kumbe miezi yote nilipokuwa nikipima adhuhuri tu nilikuwa nikisoma nusu ya habari. Tangu leo kila kipimo cha pH nitakiandikia saa.

Tangi B (theluthi ya maji imeshabadilishwa kuwa ya mvua): daku 7.0, alasiri 7.5. KH 8.

Jumapili, 24 Machi

B limebadilishwa mara tatu zaidi. Maji ni mazuri mno, hudhurungi ya kung'aa, na madume wamekolea rangi ambayo sijawahi kuwaona nayo. Wanatanua mapezi wakipitiana. Binti yangu ameleta kiti, anakaa kuwatazama hadi adhana ya magharibi.

KH 1. pH ni manjano kabisa, ambayo kwenye kadi ya rangi ni 6.0. Amonia 0, nitriti 0. Nimefurahi. Nimeandika pembeni ya ukurasa: *bakteria wamehimili*.

Jumapili, 31 Machi

Naufuta ule mstari wa pembeni.

Leo nilipima nitrati, ambayo wiki mbili sikuigusa kwa sababu tone zake ni ghali. A: imepanda kutoka 20 hadi 30 tangu nilipobadilisha maji mara ya mwisho. B: 5, na ilikuwa 5 pia wiki mbili zilizopita. Samaki ni wanane kila upande, chakula ni kijiko kile kile cha dagaa wa kusaga na viluwiluwi vya mbu. Kama bakteria wa B wanageuza amonia, nitrati iko wapi?

Baada ya tarawehe nilimpigia Maalim aliyenisomesha kemia skuli. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: “Amonia sifuri si ushahidi wa bakteria. Ni ushahidi kwamba kuna mtu anaichukua. Nani mwengine yumo humo?”

Mimea. Gugu la Ceratophyllum limejaa hadi juu, nalo hula amonia moja kwa moja, tena huipenda kuliko nitrati kwa sababu haihitaji nguvu nyingi kuitumia. Sponji linaweza kuwa limesimama kabisa na kipimo kikaendelea kusema sifuri kila siku. Kwenye tangi lisilo na mimea ningelishajua zamani.

Maalim ameniazima kipima pH cha umeme pamoja na vimiminika vya kukisahihishia, cha 4 na cha 7. Kile cha tone hakishuki chini ya 6.0: 6.0 ni manjano, 5.0 nayo ni manjano ile ile. Nimepima B mara tatu: 5.7.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku ya tatu ya Idi, wageni wamepungua, Maalim amekuja na chupa ya kloridi ya amoniamu. Tumetengeneza kiyeyusho cha gramu 3 katika lita moja ya maji, ambacho kila mililita yake ina karibu miligramu moja ya amoniamu. Kisha tumepanga dirishani madumu manne ya lita mbili mbili, kila moja na bomba la hewa, tukatia mililita 4 kila dumu, yaani miligramu 2 kwa lita.

Tumekata vipande vinne vilivyo sawa kutoka sponji la tangi A, linalofanya kazi bila shaka, kimoja kila dumu. Hakuna mmea hata jani, na madumu tumeyafunika kwa kanga nyeusi ili mwani usiote. Dumu la kwanza ni maji ya kisima, 7.8. Mengine tumechanganya mvua na kisima kwa vipimo tofauti, na asidi hidrokloriki tone kwa tone, hadi tukapata 7.0, 6.5 na 5.8. Nilitaka kutumia ndimu, Maalim akanizuia: tindikali ya ndimu ni chakula cha bakteria wengine, ingelituvuruga.

Wakati tunasubiri hewa itulie alinieleza kwa nini tindikali inawazuia, na nayaandika kama nilivyoyafahamu. Amonia majini ina sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, nyengine ni amoniamu, yaani amonia iliyojishika na haidrojeni. Hubadilishana wakati wote, na pH ndiyo inayoamua wingi wa kila moja. Kwa joto letu la nyuzi 28, maji ya pH 8 huwa na takriban asilimia 6.5 katika sura ya amonia. Kwenye pH 7 ni asilimia 0.7, kwenye pH 6 ni asilimia 0.07. Kila ngazi moja ya pH ni mara kumi. Sasa, kimeng'enya cha bakteria wa kundi la kwanza hushika ile sura ya amonia. Maji yakiwa ya tindikali, chakula kimo tele mbele yao lakini kimefungwa. Juu ya hapo, wao hujenga miili yao kwa kaboni ya majini, ile ile ya bikaboneti ninayoipima kama KH, na KH ya B imekwisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Matokeo ya madumu.

7.8: kesho yake jioni amonia ilikuwa sifuri.

7.0: sifuri siku ya pili jioni.

6.5: dumu hili limenifundisha kuliko mengine. Siku ya kwanza lilianza vizuri, kisha likapoa. Siku ya nne bado 0.5. Nilipopima pH nilikuta 6.2, na sikuongeza asidi yoyote. Wamelishusha wenyewe. Kugeuza amonia kuwa nitriti hutoa tindikali: kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inakula takriban miligramu 7 za akiba, ikihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu. Digrii moja ya KH ni miligramu 17.9 kwa lita, kwa hiyo miligramu mbili na nusu za naitrojeni zinamaliza digrii nzima. Dumu lilikuwa na nusu digrii tu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangi B pia. Majani ya mkungu niliyapa lawama yote, lakini sponji lenyewe lilikuwa likishiriki kila siku kuichimba ile akiba, na mimi nilikuwa nikiongeza maji ya mvua yasiyo na kitu cha kurudisha.

5.8: siku ya saba, amonia 2. Rangi haikubadilika hata kidogo.

Kile kipande cha 5.8 sikukitupa. Jana nilikihamishia kwenye dumu jipya la maji ya kisima na amonia mpya.

Jumatatu, 22 Aprili

Dumu jipya: amonia sifuri, siku ya tatu. Hawakufa. Walilala wiki nzima, na walipopata maji mazuri wakaamka. Nimempelekea Maalim picha ya kichupa cha manjano, yaani rangi ya amonia sifuri, akajibu kwa neno moja, “Alhamdulillahi.”

(Lipo jambo la bakteria ambalo limekaa kichwani mwangu tangu wiki iliyopita. Vitabu vya zamani huwataja *Nitrosomonas* kwa amonia na *Nitrobacter* kwa nitriti, basi. Tangu mwaka 1998 imejulikana kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi ya nitriti hufanywa zaidi na jamaa wa *Nitrospira*, na mwaka 2015 wakatangazwa *Nitrospira* wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Wapo pia arkea, viumbe wasiokuwa bakteria kabisa, wanaokula amonia. Wa kwanza kukuzwa maabara, mwaka 2005, alitoka kwenye changarawe za tangi la samaki wa bahari za joto huko Seattle. Tangi la samaki! Arkea hawa wanaweza kuishi kwa amonia kidogo mno, na wapo wa udongo wenye tindikali. Ndiyo maana tangi lililozoezwa miezi mingi kwenye pH ya chini linaweza kuwa na wafanyakazi wake. Langu halikuzoezwa. Lilishushwa kwa wiki tatu.)

Jumapili, 28 Aprili

Gugu la B lilikuwa limefunika uso wote, yungiyungi haupati mwanga. Siku ya Jumamosi, tarehe 20, baada ya kumaliza madumu, nilikata zaidi ya nusu. Jani moja kubwa la yungiyungi lililokatika nikaliacha chini, nikidhani litafaa kwa kivuli.

Leo amonia ya B ni kijani: 3.

Samaki wanakula, wanacheza, hawana dalili yoyote. Nimeshangaa kisha nikakumbuka: kwenye 5.7 karibu yote ni amoniamu, haiwadhuru sana. Tindikali iliyowalaza bakteria ndiyo hiyo hiyo inayowakinga samaki.

Jumatano, 1 Mei

Naandika hii usiku, na mkono mzito.

Asubuhi amonia ilikuwa 4. Nikaingiwa na hofu, nikaifuata hofu. Pipa la mvua lilikuwa limebaki robo, kisima kipo hatua kumi. Nikatoa theluthi ya maji ya B, nikajaza ya kisima, ndoo baada ya ndoo. Niliona nimepunguza sumu: 4 imekuwa chini ya 3. Nikaenda kwenye shughuli zangu.

Saa kumi alasiri binti yangu aliniita: “Baba, samaki wote wapo juu.” Walikuwa wanatwetea usoni mwa maji, matamvua yanakwenda mbio. pH 7.8.

Nimefanya hesabu baadaye, na laiti ningeliifanya kabla. Amonia jumla ya 4 kwenye pH 5.7 ilikuwa na miligramu 0.0014 tu za sumu yenyewe katika lita. Jumla ya 2.7 kwenye pH 7.8 ina zaidi ya 0.11. Nilipunguza jumla kwa theluthi na nikaongeza sumu mara themanini. Maji ya kisima yalileta akiba, hewa ya pampu ikafukuza kabonidayoksaidi, mimea ikamalizia kuivuta mchana kutwa, na kila kitu kikapanda pamoja. Na huko kuruka kwa ngazi mbili za pH ndani ya saa chache ni mzigo mwengine juu ya miili yao. Bakteria, ambao wangelisaidia, bado walikuwa wamelala. Kuamka kwao ni kwa siku, si kwa saa.

Nilikimbia kwa shangazi, nikapewa ndoo tatu za mvua kutoka pipa lake. Nimetoa nusu ya maji, nimejaza taratibu. Saa mbili usiku: amonia 1.3, pH 7.3, wameshuka kutoka juu isipokuwa dume mmoja, yule mkubwa mwenye doa mkiani.

Alkhamisi, 2 Mei

Dume mkubwa amekufa alfajiri. Nimemzika chini ya mkungu wa shangazi. Binti yangu ameniuliza kama ni yale maji ya kisima, nikamwambia ndiyo, na kwamba mimi ndiye niliyeyatia.

Nimebadilisha theluthi nyengine kwa mvua, na nimetoa lile jani la yungiyungi, ambalo lilikuwa limeshakuwa uji. Amonia 0.9, pH 7.0, KH 1.5.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Boti hazivuki, upepo tangu usiku, mvua haikatiki. Kwetu umeme umekatika saa tisa nzima. Sponji lisilopita maji humaliza oksijeni yake, na bakteria hawa bila oksijeni hawafanyi lolote. Nimeyatoa masponji yote mawili, nikayalaza kwenye sinia pana yenye maji kidogo ya tangi, nusu ndani nusu nje, nikawa nayageuza na kuyamwagia kwa kata. Pipa limejaa hadi linafurika.

Jumapili, 5 Mei

B sasa lipo karibu na 7, amonia ni ndogo, samaki saba wametulia. Kazi iliyobaki ni kulizuia lisiteremke tena kila nikiongeza mvua na majani.

Nimeokota vipande vya jiwe la matumbawe kwenye kifusi cha ukuta wa zamani, jiwe lililokufa miaka na miaka. La baharini sitaligusa, lililo hai ni nyumba ya viumbe. Nimelivunja kwa nyundo hadi saizi ya mbegu za mahindi, nikaloweka siku mbili kuondoa chumvi na vumbi la chokaa, nikatia robo kilo kwenye mfuko wa neti karibu na bomba la sponji, mahali maji yanapopita. Maganda ya chaza yangelifaa vile vile.

Uzuri wa jiwe ni kwamba linajipima lenyewe: maji yakizidi tindikali linayeyuka upesi, yakitulia nalo linatulia. Magadi ya kupikia yangelipandisha KH kwa dakika moja, na dakika moja ndiyo iliyoniulia samaki.

Jumapili, 12 Mei

Daku hakuna tena lakini nimezoea, naamka alfajiri. B: alfajiri 6.7, alasiri 7.1, KH 2. Amonia ilisimama 0.9 siku nne nzima, kisha juzi 0.5, leo 0.25. Nitriti imetokea kwa mara ya kwanza tangu nifungue daftari hili: 1.0. Kundi la kwanza limeamka, la pili linachelewa.

Nitriti huingia kupitia matamvua na kuharibu damu isibebe oksijeni, na kloridi hushindana nayo mlangoni. Nimeyeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya kawaida kwa tangi zima. Kwa kipimo hicho mimea haidhuriki.

Jumapili, 19 Mei

B: amonia 0, nitriti 0, nitrati 10. Nitrati kumi! Nimeipima mara mbili. Wiki tano za usingizi na siku kumi na saba za kurudi. Sponji jipya lingelinichukua wiki nne hadi sita kulikomaza.

Jumapili, 26 Mei

Nimekata gugu tena, safari hii robo tu, na sikuacha jani chini. Amonia: siku ya kwanza 0, ya tatu 0, leo 0. Kipimo hiki sasa kina maana kuliko kile cha Machi, kwa sababu nitrati nayo imepanda hadi 15.

Utaratibu wa B kwa sasa: mvua sehemu nne, kisima sehemu moja, vinachanganywa kwenye ndoo usiku mmoja kabla, haizidi robo ya tangi kwa wiki. Majani ya mkungu mawili, hubadilishwa yakichakaa. KH sishushi chini ya 2. Rangi ya chai ya mkandaa imebaki. Nilidhani rangi na tindikali lazima viende pamoja, kumbe maji yanaweza kuwa ya hudhurungi na pH 6.8. Kabla ya kugusa pH kwa sababu yoyote, napima amonia jumla kwanza. Nikiikuta, naipunguza kwa maji yenye pH ile ile ya tangi, kisha ndiyo mambo mengine.

Jumapili, 9 Juni

Kusi limeanza, maji ya B yameteremka hadi nyuzi 26. pH 6.8, KH 2, amonia 0, nitriti 0, nitrati 15. A: 7.8, KH 13, 0, 0, 30.

Dume mdogo wa B ameshika nafasi ya yule aliyekufa. Wiki iliyopita nilitia chini bakuli la vumbi la makumbi lililochemshwa, na tangu Alkhamisi anawavuta majike humo mmoja mmoja, wanajisukuma kwenye vumbi na kutetemeka. Leo nimelitoa bakuli, nikakamua vumbi kidogo kidogo juu ya karatasi nyeupe, binti yangu ameshika kurunzi. Tumehesabu mayai ishirini na tatu, kila moja kama punje ya ulezi iliyo angavu. Tumeyarudisha ndani ya vumbi bichi, tukafunga mfuko, yeye akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu.

Yanahitaji miezi mitatu hivi kwenye unyevunyevu. Vuli ikianza nitakinga ndoo moja ya mvua, nitie ndani yake kipande cha jiwe na kijisponji kidogo ambacho kuanzia leo kimo ndani ya tangi B, kinakomaa.